Mtu wa Mstari wa Mbele

Afande hakuridhika na salamu moja. Ukimsalimu akiwa peke yake alikujibu kwa kidevu, akapita. Ukimsalimu pale kituoni Bugembe, nje kidogo ya Jinja, watu wamejaa wanasubiri gari za Iganga, alisimama, akajifanya hakusikia, akakutegea sikio ili urudie kwa sauti. "Jambo, Afande!" "Jambo sana, raia yangu!" Kisha aliangaza huku na huku kuhakikisha raia wengine nao wamesikia. Nilikaa jirani naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, na sikumbuki kama aliwahi kuniitikia salamu kwa mdomo tukiwa wawili tu.

Huku kwetu kila aliyevaa sare huitwa afande, hata kijana aliyeanza kazi jana. Yeye peke yake ndiye aliyelisikia neno hilo kama cheo. Alikuwa askari magereza, na utumishi wake karibu wote aliupitisha akitunza ghala la majembe ya shamba la wafungwa. Kazi ya heshima, sina neno. Majembe yalitoka asubuhi yakarudi jioni, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kupoteza hata moja. Lakini ukimsikia akisimulia ungedhani aliongoza vita. "Watu mingi sana mimi nilikuwa natuma mbele," alikuwa akisema, "na wote wanarudi na silaha yao." Silaha zenyewe ndizo hizo za mpini.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Mbale, na kibanda changu kiko Bugembe kando ya barabara kuu. Suti ya Afande naijua kuliko ninavyozijua nguo zangu. Ilikuwa moja, ya bluu iliyoiva, ya vipande vitatu. Niliipanua, nikaipunguza, nikaibadilisha bitana hadi bitana ikachoka. Ujanja wake ulikuwa kwenye vifungo. Krismasi aliniletea vifungo vya rangi ya dhahabu, Pasaka vyeusi, harusi za Agosti vya kahawia, na kila mara aliniagiza nisimwambie mtu. Watu wa Bugembe waliamini kwamba Afande ana kabati la suti, au walijifanya kuamini, na yeye hayo mawili hakuyatofautisha.

Kulipa nako kulikuwa na masharti. Akinikuta mimi na cherehani yangu tu, alichukua koti akasema, "Fundi, tutaongea." Hatukuongea. Lakini akikuta wateja wawili watatu kwenye benchi, alitoa noti kubwa, akainyoosha, akaishika juu juu ili ionekane, na chenji akaikataa kwa kiganja. "Chenji ni ya raia!" Nilikuwa mjinga mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo, nikimwona anatokea kwenye kona ya msikiti akija kuchukua koti, nilimwita muuza chapati na yeyote aliyekuwa karibu waje wakae. Wao walikaa, mimi nikalipwa, wote tukanywa chai. Utaratibu huo haukuwahi kuniangusha.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kumwaga pesa. Pasipo na macho, mkono wake ulikuwa wa birika. Alikuwa akienda Jinja mjini na kurudi kwa miguu, jua la utosi, ili asitoe nauli. Alitembea na ndala, na viatu vyake vilivyong'arishwa vimo ndani ya mfuko wa plastiki. Akikaribia Bugembe alijificha nyuma ya ukuta wa kinu cha mahindi, akapangusa vumbi, akavaa viatu, akasimamisha boda. Boda hiyo ilimbeba kipande kifupi tu, katikati ya maduka, polepole kama alivyoagiza, hadi mlangoni. Nauli aliilipa kwa sauti.

Na bado mtu huyo huyo alimcheka mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Jinja. Mzee yule ana nyumba za kupangisha barabara nzima, lakini ukimkuta dukani amevaa ndala na shati lililopauka kola, anahesabu misumari. "Tajiri gani nakaa kama mukimbizi?" Afande aliniuliza siku moja. "Mimi nikiwa na pesa yake, utanisikia mpaka Kampala." Hilo sikulibisha hata kidogo. Mfuko uliokuwa na ndala zake ulikuwa umening'inia mkononi mwake wakati huo huo.

Alikuwa na misemo yake aliyoirudia mpaka majirani tukaitumia kumcheka. "Mimi hapana mutu ya kiti ya nyuma." "Afande haulizi bei." "Jina yangu isomwe ya kwanza." Msibani, harusini, kwenye mkutano wa wazazi wa shule ambayo hakuwa na mtoto, alipita moja kwa moja hadi mstari wa mbele na kuketi kwenye viti vyenye vitambaa. Waandaaji walimwacha. Walijua kwamba aliyeketi kwenye kiti chenye kitambaa lazima atoe.

Aliyeyalipia yote hayo ni mkewe. Tulimwita Mama Nambozo, kwa jina la binti yao aliyeolewa Tororo. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, asiyecheka ovyo, na mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponiazima jiko. Chakula chao kilikuwa ugali wa mahindi tunaouita posho, na maharage, na mwisho wa mwezi posho na chumvi, huku mumewe akiwanunulia chai watu mkahawa mzima. Walikuwa na kiwanja Mbale, chini ya mlima Wanale, urithi wa upande wake Afande, na kuta zilikuwa zimesimama tayari. Kuta bila paa. Mwaka baada ya mwaka mvua iliingia ndani, nyasi zikaota sebuleni, mbuzi wa watu wakalala chumbani.

Mama Nambozo hakuomba makubwa. Mwenye nyumba wa Bugembe alikuwa anapandisha kodi kila alipojisikia, magoti yake yalikuwa yameanza kumuuma, na alitaka kurudi kwao kulima maharage wakati bado anaweza kuinama. "Dada, mimi nataka tu kusikia mvua juu ya bati yangu," aliniambia, "niko ndani, nimejifunika, yeye iko nje." Nilimsikia akiyasema hayo mara nyingi, na kila mara nilitamani kumshika Afande mashati.

Wakati mwingine lakini alinichanganya. Mama yangu mzazi alipofariki kule Mbale, Afande alisafiri akaja. Alifika amevaa suti, vifungo vyeusi, akaomba kipaza sauti kabla hajafika kwa wafiwa. "Mimi Afande, kutoka Jinja, kwa mama ya fundi yangu..." Kisha akataja kiasi cha rambirambi, akakirudia kwa Kiganda, akakirudia tena kwa waliokaa nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke. Ila pesa hiyo ndiyo iliyolisha watu siku ile, ndiyo iliyolipa gari la kuwarudisha shangazi zangu. Na nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, Mama Nambozo alikuwa anaosha vyombo, miguuni sandali zilizofungwa kwa waya. Nilimchukia Afande na nikamshukuru siku ile ile, na mpaka leo sijajua kipi kilizidi.

Alipostaafu alipewa sehemu ya kwanza ya kiinua mgongo. Kwa mara ya kwanza Mama Nambozo alimbana mpaka akakubali, wakaenda pamoja kwa yule mzee wa Kihindi, wakanunua mabati ya nyumba nzima. Yakalipiwa, yakapangwa ukutani dukani, yakawa yanasubiri lori la kwenda Mbale. Mama Nambozo alirudi akaniita nje, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa anacheka kabisa, na meno yakionekana.

Jumapili iliyofuata ilikuwa harambee ya kanisa lao. Mimi ni Mwislamu, lakini harambee za Bugembe hazina dini, watu wote huenda. Baada ya ibada walifanya mnada, kama kawaida: kabichi, ndizi, soda, na jogoo mmoja mwekundu. Afande alimgombania jogoo yule na mwalimu mkuu mstaafu, akampata kwa bei ya mbuzi. Akainuka, akampeleka kwa mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja kutoka mjini, akampa zawadi. Mgeni rasmi akashukuru, akasema naye anamtoa jogoo kwa kanisa. Jogoo akapigwa mnada tena. Mwalimu akaanza kutaja bei, na Afande hakuweza kuvumilia jogoo wake mwenyewe kuchukuliwa na mtu wa mstari wa pili, akamnunua tena. Safari hii akampa mke wa mgeni rasmi, ambaye naye alilipenda kanisa. Afande akamnunua mara ya tatu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni jogoo yule alikuwa anadonoa kwenye ua wa mchungaji.

Kicheko kikaniishia pale mshereheshaji alipouliza nani atalisaidia kanisa na mabati. Mwalimu aliahidi matatu. Afande akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Andika," akasema. "Jengo yote. Iko tayari kwa duka Jinja, tuma lori kesho." Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mama Nambozo alikuwa amekaa na akina mama wenzake waimbaji, na vigelegele vilipita juu ya kichwa chake. Aliangalia mikono yake. Baadaye alirudi nyumbani kwa miguu, akapika, akampakulia mumewe. Lori lilipofika dukani, mzee wa Kihindi alimpigia Mama Nambozo simu. "Mama, mimi nauliza yeye: nyumba yako iko na paa? Yeye nasema Mungu kwanza." Mama Nambozo alimjibu asante, akakata.

Na Mungu hakuwa na hatia humo hata kidogo. Kama pale kanisani asingekuwepo mgeni rasmi wala kipaza sauti, mabati yangekuwa Wanale kesho yake. Nilimwambia Afande hivyo hivyo, mlangoni pangu. Alinitazama kwa huruma. "Fundi," akasema, "paa ya mutu mumoja nani atasikia?"

Sehemu ya mwisho ya kiinua mgongo ilichelewa, ikaja mwaka jana. Mama Nambozo akataja paa. Afande akataja gari. Alikuwa ameshalichagua kwenye yadi moja mjini, jeupe, la mkono wa pili. Kila Jumamosi alikuwa anakwenda kulitazama, akaruhusiwa kuketi kwenye usukani, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje. Hakujua kuendesha. Mtu wa mstari wa mbele, alisema, hawezi kufika kwa boda kama gunia la muhogo.

Mama Nambozo alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Dada, wewe nafanya nini mpaka yeye nakulipa?"

"Naita watu," nikamjibu.

Nikaendelea kushona. Halafu nikasikia sauti ngeni, nikainua macho, nikakuta ni yeye anacheka.

Kule Wanale akina mama wana kikundi chao cha kuweka na kukopa, na Mama Nambozo alikuwa akituma akiba yake huko kila alipopata. Mwenyekiti wao ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alipoelezwa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Wiki haikuisha, wajumbe watatu walifika Bugembe wamevaa magauni ya gomesi, wakapiga magoti mbele ya Afande kwenye veranda, majirani wote tukiwa tumejipanga kwa bahati. Walikuwa na harambee, wakasema, ya kumwezekea mama mmoja mhitaji wa pale kwao, na walikuwa wanatafuta mgeni rasmi.

Mgeni rasmi! Maisha yake yote Afande alikuwa amekaa mstari wa mbele akiwatazama wageni rasmi. Hakuwahi kuwa yeye. Aliwaomba wayarudie hayo kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, lakini si ya kunizuia. Nilimshonea vifungo vya dhahabu bure. Mama Nambozo akamwambia kwamba atatangulia Mbale kuwasaidia wenzake kupika.

Siku hiyo alipokelewa na ngoma, akavishwa shada, akaketishwa kwenye kiti kikubwa cha mwenyekiti wa kijiji. Watu walijaa uwanja wa kikundi mpaka kwenye migomba. Mwenyekiti wa kikundi akashika kipaza sauti, akaeleza habari za yule mama bila kumtaja jina. Kuta zimesimama miaka na miaka. Nyasi sebuleni. Mbuzi wa watu chumbani. Mama mwenyewe magoti yamechoka, anazeeka kwenye nyumba ya kupanga ugenini. Nilimtazama Afande nikitarajia atashtuka. Wapi! Alitoa leso akafuta macho.

"Bwana yake iko wapi?" akauliza, sauti ikipanda. "Iko hai?"

"Iko, Afande," mwenyekiti akasema. "Nakula vizuri."

"Hiyo mwanaume gani?" Akasimama. "Nawacha mama ya watoto kwa mvua! Hiyo hapana mwanaume, hiyo ni mutu ya kiti ya nyuma!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilijiziba mdomo kwa mtandio. Afande akashika kipaza sauti mwenyewe, akatoa mabati, akatoa mbao, akatoa misumari, akatoa pesa ya fundi. Wanawake wa Wanale hawali ahadi. Walikuwa wamemwalika mwenye duka la mabati kutoka upande wa viwandani, na simu yake mkononi, na Afande akalipa pale pale mbele ya umati, huku mwenyekiti akisoma kila ujumbe wa pesa iliyoingia na watu wakiitikia. Gari jeupe likaenda hivyo, mlango kwa mlango, hadi magurudumu.

"Sasa," akasema mwenyekiti, "mama aje ashukuru."

Mama Nambozo akatokea jikoni. Alikuwa amevaa gomesi la kijani nililomshonea mimi. Akatembea katikati ya watu bila haraka, akapiga magoti mbele ya mgeni rasmi, akainamisha kichwa.

"Asante sana, Afande," akasema.

Nilimwona Afande akimtambua, kuanzia kwenye macho hadi mabegani. Mkono wenye kipaza sauti ulishuka. Nikafikiri: sasa atafoka, atatukana, ataondoka. Akatazama watu. Watu wakamtazama. Kisha akafanya kile ambacho wageni rasmi hufanya. Akainama, akamshika mkewe mkono, akamwinua.

"Pole, mama," akamwambia kwenye kipaza sauti. "Simama. Sasa utakaa vizuri."

Vigelegele viliruka hadi kwenye mwamba wa Wanale. Hakukubali siku ile, na hakukubali baadaye, kwamba anamfahamu yule mama.

Nilienda kuwatembelea masika haya. Nyumba inang'aa chini ya ule mwamba, na shamba la maharage la Mama Nambozo limefika mlangoni. Pembeni mwa mlango Afande amepachika kibao cha saruji, kimepakwa rangi vizuri: Paa hili ni msaada wa Afande, Mgeni Rasmi. Alinisimamisha mbele yake nikisome kwa sauti. Nikakisoma. Kisha akaketi verandani kwenye kiti chenye kitambaa, viatu vinang'aa, akaanza kunisimulia kwa sauti ya kuwafikia wapita njia jinsi alivyomkuta mama mmoja hapa kijijini na shida zake, na mume wake asiye na maana. Mama Nambozo alipita na beseni la maharage. Hakumtazama, wala hakukasirika. "Muache aseme," alininong'oneza. "Mimi nalala mukavu."

Ndipo mvua ya Wanale ikashuka, ile ya ghafla, na mabati yakapokea. Sauti ya Afande ikamezwa. Niliona midomo yake inaendelea kwenda, mkono unapunga, lakini neno halifiki hata kwangu niliyekuwa nimekaa ubavuni. Akainua sauti, mvua ikamzidi. Akanyamaza. Kupitia mlango uliokuwa wazi tulimwona Mama Nambozo amejilaza kwenye mkeka, shuka hadi shingoni, macho kwenye dari, anasikiliza.

Shetani akanipanda. Nikamsogelea sikioni. "Na yule mume, Afande? Mlipata kumwona?"

Alitazama maji yakishuka kutoka ukingo wa bati. Kisha akaniinamia, mdomo karibu na sikio langu, na katika miaka yote ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia neno lake ambalo lingesikiwa na mtu mmoja tu.

"Nilimuona," akasema. "Alipata haya sana, fundi. Lakini usiambie watu."

Nikaahidi kwa kichwa. Mvua ilipopungua alikaa sawa, akafunga kifungo cha koti, akaagiza chai yangu kwa sauti iliyofika barabarani.